Swichi Iko Chumbani kwa Baba Mkwe

Tumpe mwanangu,

Umekwenda kuwaaga akina mama wa kwaya, na kwa jinsi ninavyowajua hawatakuachia kabla hawajakuimbia nyimbo zote walizonazo. Nimepata nafasi. Baba yako yuko nje analifunga sanduku lako kwa kamba. Analifunga mara ya tatu sasa, maana ya kwanza sikuiamini na ya pili nikaishuku zaidi. Mvua imekatika, ukungu umeondoka juu ya mlima Loleza, na mimi nimekaa mezani kabla mtu hajanitafuta.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kinyakyusa chetu cha humu ndani, kwa sababu najua mumeo Lukas atataka kuisoma barua hii. Mhehe wa watu, tukizungumza kwetu anabaki anatabasamu tu. Basi asome. Akipenda amsomee na baba yake.

Habari za kupika, kufua na kuamka mapema sikuandikii. Unayoyajua unayajua, na usiyoyajua mama yake Lukas atakufundisha hata kama hukumwomba. Nitakuandikia habari za taa za Krismasi. Usicheke. Najua utacheka, utasema mama ameanza tena.

Mimi ni mtu wa kushuku, hilo halihitaji shahidi. Baba yako husema nikipewa yai nalizungusha kwanza nione liliposhonewa. Mwenye duka akinipunguzia bei narudisha kitambaa. Mchungaji akisifu kazi yangu najiuliza anataka nifagie wapi tena. Lakini sikuzaliwa hivi, na ningependa ujue ilikuwaje, kwa sababu kesho unapanda basi kwenda Iringa na Krismasi haiko mbali.

Juzi baba mkwe wako, Mzee Kihwele, alipofika na Lukas kukuchukua, alisimama mlangoni akasema "Kamwene," akavua kofia. Wewe ukatokea mlango wa nyuma, kanga kichwani mpaka puani. Ndivyo tulivyokulea. Mwanamke wa Kinyakyusa haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, hasemi naye, halitaji jina lake, na njia aliyopita mzee yeye haipiti. Wachungaji wamehubiri miaka mingi kwamba desturi hii ipunguzwe, nasi tumeipunguza kwa kuitikia amina.

Mzee Kihwele alicheka. Akasema, "Mama Tumpe, huyu mtoto anakimbia nini? Kwetu hatukimbianagi namna hii. Siku hizi mambo mapya, uhuru unakuja."

Maneno mazuri. Lakini mimi nilikuwa namtazama usoni, nikaona amependezwa. Mtu anakuambia desturi yako haina maana, na papo hapo anafurahi kuona unaifuata kwa ajili yake. Huyo huwa simwamini haraka. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema tu kwamba siku utakapoacha kumkimbia, ndipo utakapojua kama yale maneno yalikuwa ya kweli.

Kisha tukala, wewe ukiwa jikoni, naye akaanza kutueleza habari za nyumba yake, ile anayokaa kwa sababu ya kazi ya kutunza nyumba ya wageni pale Iringa mjini. Ina umeme. Kila Krismasi, akasema, anatandaza taa za rangi nje, kuanzia upenuni mpaka kwenye miti ya mbele, na watu wanatoka mitaani kuja kutazama. Mwaka huu atazidisha, kwa kuwa kuna bibi harusi. Baba yako akasema vizuri sana. Shangazi yako akasema Bwana asifiwe. Mimi nikauliza swichi iko wapi.

Wote walinigeukia. Baba yako alinigusa goti chini ya meza.

"Iko chumbani kwangu, mama," akasema Mzee Kihwele. "Nyuma ya mlango. Watoto wasiichezee."

Ulipokuja kuondoa vyombo, wageni wamekwisha kutoka, ulinikuta sijamaliza chakula changu, ukadhani naumwa. Nilikuwa siumwi.

Unajua vidole viwili vya mkono wa kushoto wa baba yako havikunjuki, na unajua ni umeme uliovifanya hivyo. Hiyo ni nusu ya habari. Ile nusu nyingine watu wa nyumba hii huisema kwa namna yao, mimi sipo.

Babu yako, baba yake baba yako, alikuwa mtunzaji wa mashine ya umeme ya misheni. Hata leo siandiki jina lake, ingawa amelala kaburini. Mkono wenyewe unakataa. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeilisha ile mashine mafuta na kuikemea ilipokohoa moshi, misheni walimvutia waya mpaka nyumbani, taa moja sebuleni na moja chumbani kwake. Swichi kubwa ikawekwa chumbani humo humo. Nani angefikiri vingine? Mashine ni yake, nyumba ni yake.

Mwaka ule vita vilipokwisha, Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia uzi mrefu wa taa za sikukuu. Haukuwa mpya. Waya wake ulikuwa wa mpira uliovikwa kitambaa, na panya walikwisha kuonja pale na pale. Babu yako alizipaka globu rangi kwa mkono wake, nyekundu na kijani, akasema Krismasi hii watu wataona. Akajenga tao la migomba mbele ya mlango, kama tunavyofanya kwa arusi na kwa sikukuu, ili taa zipite upenuni, zishuke juu ya tao, zipande tena. Waya akaubana kwa misumari iliyopindwa. Penye mashaka akaufunga kwa kamba za mgomba, mbichi, zinadondosha maji.

Na kazi hiyo aliifanya mchana, bila kuzima swichi. Hapo usimwone mjinga. Mashine ya misheni haikuwashwa mchana hata siku moja. Iliwashwa jua likizama, tena na yeye mwenyewe. Kwa hiyo mchana waya ulikuwa kamba tu. Miaka yote alikuwa ameushika mchana na haukumfanya kitu. Mimi nimekuja kujifunza kwamba kinachoua watu si kile wanachokiogopa. Wanauawa na kile walichokwisha kukishika mara nyingi.

Siku hiyo, siku moja kabla ya Krismasi, wingu lilishuka mpaka kwenye migomba. Kanisani kwaya walikuwa wanafanya mazoezi, ndani kumekuwa giza hawaoni vitabu, na mchungaji akamwambia msaidizi wa babu yako awashe mashine. Msaidizi akawasha. Hakuna aliyekosea hapo. Hakuna aliyekumbuka pia kwamba bosi wa mashine yuko juu ya ngazi nyumbani kwake.

Mimi nilikuwa mlango wa jiko nyuma ya nyumba, namenya ndizi. Wewe, mtoto mdogo, ulikwenda kanisani na bibi yako. Baba yako alikuwa mjini. Manyunyu yalikuwa yameanza kupiga mabati, kwa hiyo mashine hata kama ingenguruma vipi isingesikika. Nikainua macho, nikaona taa ya sebuleni inawaka.

Nilijua mara moja. Si kwamba nilikuwa na elimu ya umeme. Nilijua tu kwamba taa ikiwaka ndani, basi kilichomo kwenye taa kimo pia kwenye waya wa nje. Na nje hakuna kitakachomwonya mzee, kwa sababu globu zote bado zilikuwa kikapuni. Alikuwa akiziweka mwisho. Vile vikombe vya kushikilia globu vilikuwa vitupu, vinatazama juu, vinakinga mvua.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wa nyumba hii hawafiki.

Kwanza nilitafuta mtoto wa kumtuma. Ndivyo tulivyozoea, mimi na babu yako tuliongea kwa vinywa vya watoto. Hapakuwa na mtoto. Nikaingia ndani mpaka mlango wa chumba chake, nikashika kitasa. Mkwe haingii chumbani kwa baba mkwe. Nikakiachia. Nikatoka kwa nyuma, nikazunguka nyumba, na ujue nilijifunika kanga kichwani vizuri kabisa, nikiwa na haraka ile. Nikasimama nyuma ya migomba, ninamwona miguu tu juu ya ngazi. Nikakohoa.

Naam. Nilikohoa. Mtu yuko juu ya kifo chake, na mimi nakohoa kwa adabu, kama anayebisha hodi.

Na yeye, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa adabu kuliko mimi. Aliposikia kikohozi akajua ni mkwe anapita. Akafanya kile ambacho mwanamume mstaarabu wa kwetu hufanya: akageuza uso upande wa pili ili nipite bila kuaibika. Kwa kugeuka ngazi ikayumba kidogo kwenye matope, akanyoosha mkono ajishike, na mkono ukakamata kikombe kimoja kilichoingia maji.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. "Baba, umeme." Nilipiga kwa nguvu zangu zote, na majirani waliokuwa mbali wakasikia. Akaanguka juu ya tao lake la migomba, na hilo ndilo lililomponya mgongo. Kiganja kiliungua. Mguu uliteguka. Aliishi.

Lakini hesabu walivyosikia majirani. Kikohozi hawakukisikia. Walisikia sauti ya mkwe ikimwita baba mkwe, kisha wakasikia kishindo. Jioni hiyo hiyo kijiji kizima kilijua kwamba ni sauti yangu iliyomwangusha mzee. Wengine wakaongeza kwamba sikupiga kelele bure, nilikuwa na langu jambo. Bibi yako aliporudi akaona utomvu wa ndizi kwenye kitasa cha chumba, wa vidole vyangu. Akanisogelea karibu sana. "Ulikuwa unatafuta nini mlangoni kwa baba mkwe wako?" Ningejibu nini? Kwamba nilitaka kuingia?

Watu walinitazama mwezi mzima. Nikipita kisimani wanawake wananyamaza, nikiondoka wanaanza. Na mimi nikaanza kuwatazama vile vile. Yule aliyenisalimu kwa furaha nilijiuliza anaficha nini, na asiyenisalimu sikuwa na haja ya kujiuliza. Hapo ndipo mama yako mnayemtania alipozaliwa. Na tangu siku hiyo kuna mtu mmoja ninayemshuku kuliko wote, naye ni mimi mwenyewe. Pale kwenye kitasa, nilipokiachia, ilikuwa ni adabu tu? Babu yako alikuwa amenisema vibaya wiki ile kwa ajili ya mtama ulioliwa na ndege. Nadhani ilikuwa adabu. Nadhani.

Kosa langu kubwa halikuwa kikohozi. Lilikuja baadaye. Wazee walikaa, wakamwita baba yangu kutoka Tukuyu, akaja na mbuzi wa kuondoa aibu, nami nikapiga magoti mbele ya watu nikaomba radhi kwa kumwita baba mkwe. Niliomba vizuri. Watu wakashukuru, ndaga, ndaga, mambo yamekwisha. Wala hakuna aliyeuliza mashine iliwashwa saa ngapi na nani. Waya wenyewe hakuna aliyeutazama, wala kuuliza kwa nini swichi iko mahali ambapo nusu ya watu wa nyumba hawaruhusiwi kufika. Kwa nini waulize? Mkosaji alikwisha kupatikana, tena amekiri.

Kwa hiyo Krismasi iliyofuata taa zikatandazwa tena. Waya ni ule ule, misumari ile ile, na kamba za mgomba mbichi. Babu yako kiganja kilikuwa hakimsaidii sana, akampandisha baba yako. Walikuwa wamejifunza jambo moja tu: siku ya kutandaza taa, mimi nisiwepo. Nilitumwa shambani tangu asubuhi, na bibi yako akahakikisha nimekwenda. Mtu pekee ambaye angetazama taa ya sebuleni alikuwa anapalilia maharage ng'ambo ya mto.

Mashine ilikuwa imezimwa siku hiyo, safari hii waliuliza. Alipanda, akafunga, akashuka salama. Jioni mashine ikawashwa, taa zikawaka, watu wakashangilia. Mvua ikaja. Taa moja ikazimika, na baba yako, mbele ya watu wote, akanyoosha mkono kuitikisa, huku mkono mwingine ameegemea bati. Waya ulikuwa umekatwa na msumari muda mrefu, bati lote lilikuwa lina umeme. Nilikuwa narudi na jembe begani. Nilimkuta anatetemeka hawezi kuachia, na watu wazima wamesimama wanamtazama, wengine wanaomba, mmoja anasema asiguswe ametumiwa radi.

Niliingia chumbani kwa babu yako na miguu yenye matope, nikavuta swichi chini.

Mengine unayajua, ulikuwepo. Labda hukumbuki kwamba wewe ndiye uliyekuwa mdomo wetu. Siku chache baadaye babu yako alikuja akasimama nje ya ukuta wa jiko, mimi niko ndani, wewe katikati mlangoni. Akakuambia, "Mwulize mama yako: mwaka ule, kabla ya kupiga kelele, aliona nini?" Nilimsikia vizuri kabisa. Nikangoja wewe urudie neno kwa neno. Nikajibu, ukarudia. Taa. Kitasa. Kikohozi. Ulikuwa unaruka kwa mguu mmoja huku unasema maneno yale. Kisha akakuambia, "Mwambie nimesikia." Wiki hiyo hiyo akaing'oa swichi chumbani kwake, akaipigilia ukuta wa jikoni, mahali ambapo mwanamke yeyote anafika bila kumwomba mtu ruhusa. Uzi wa taa akautupa shimoni mwenyewe. Sherehe ya kuniondolea ile aibu hakuifanya, na mbuzi hakurudishwa. Mimi niliridhika na ile swichi.

Sasa rudi juzi, mezani. Baada ya Mzee Kihwele kwenda kulala nilimwita Lukas pembeni, nikamwuliza uzi wa taa ni wa mwaka gani, unafungwa kwa nini, nani anakuwa karibu na swichi mzee akiwa juu. Akaniambia kwa upole, "Mama, usiwe na wasiwasi. Baba ni fundi, taa zile anawekaga kila mwaka." Kila mwaka. Nimekwisha kukueleza ninavyoyaona maneno hayo. Lukas ni kijana mwema, nimemtafutia kasoro tangu mahari na nimepata chache. Lakini ana ugonjwa wa watu wema, anaamini kwamba baba yake akipenda jambo basi limekuwa salama.

Hata hivyo ninayemshuku zaidi si Lukas wala baba yake. Ni wewe, Tumpe.

Nakujua kwa sababu nimekutengeneza. Baada ya watu kunitazama vile, niliapa kwamba binti yangu hataonekana na doa. Wenzako walipiga goti moja, wewe nikakufunza mawili. Wenzako waliongea polepole, wewe nikakufunza usiongee. Kila aliyefika hapa alikusifu, na mimi nikafurahi kama mpumbavu, nikidhani nakujengea ukuta. Juzi ulipotoka mbio na kanga puani nilijiona mimi, nyuma ya migomba. Sikujivuna hata kidogo. Niliogopa.

Basi nakuomba jambo moja. Heshima mpe Mzee Kihwele, yote, mpikie, mtengee maji, piga magoti ukipenda. Lakini siku ya taa usiende mbali na nyumba hata wakikutuma. Simama mahali unapoiona taa ya ndani. Ikiwaka na mtu yuko juu ya ngazi, usitafute mtoto wa kumtuma. Usikohoe. Ingia chumbani kwake uvute swichi, hata kama amelala humo mfalme, kisha toka nje umwite kwa sauti, na asipolisikia neno Baba mwite kwa jina lake. Na kama mzee atakwisha kuzitundika na mvua ikaja, usimwache mtu aguse bati. Anayetaka kutikisa globu akazime kwanza.

Wataudhika. Hilo silishuku, nalijua. Nawaona kabisa wakishuka kwenye basi, wana matope ya njiani kutoka Igawa, wazee wawili watatu wenye makoti, wamekuja mpaka Mbeya kunieleza kwamba binti yangu aliingia chumbani kwa baba mkwe wake mchana kweupe, akampigia kelele mbele ya majirani, na kwamba huko kwetu hatufundishi watoto. Atakayetangulia kusema atakuwa Mzee Kihwele mwenyewe, mzima wa afya, amekasirika mpaka mishipa imemtoka.

Waje. Nitawapa viti, nitawapikia, nitawasikiliza mpaka wamalize. Na sitaomba radhi.

Mimi mama yako.